Maswali ya Wasomaji: Nikikuta maneno yasiyo ya haki katika faili langu la hospitali

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani maandishi ya wahudumu wa afya ambayo mgonjwa au mzazi wake anayaona kuwa si ya kweli au si ya haki. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo ngumu zaidi, na mengi yaliyomo katika jibu lake yatawafaa waandishi wa zile mbili pia.

SWALI: Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mwanangu wa kiume ana miaka 19 na ana selimundu, ugonjwa wa damu uitwao pia sickle cell, tangu utotoni. Mwezi uliopita tulipewa barua ya rufaa ya kumhamisha kutoka kliniki ya watoto kwenda kliniki ya watu wazima, nayo haikuwa imefungwa, nikaisoma. Pamoja na historia yake yote, kuna sentensi isemayo kwamba kijana huyu huja hospitali kutafuta dawa, kwamba huomba mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa jina, na kwamba hafuati maagizo ya kliniki. Nilitetemeka, maana ni kama wanamwita mraibu. Mtoto huyu hata sigara hajaionja. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi ya kumbukumbu nikaambiwa kwamba faili ni mali ya hospitali na kwamba alichoandika daktari hakifutwi. Sasa nakumbuka kwamba mara mbili amelazwa kwenye benchi usiku kucha bila sindano, na muuguzi mmoja alimwita "yule wa sindano". Je, naweza kudai maneno hayo yafutwe? Nianzie wapi? – Mama mwenye uchungu, Kilifi.

JIBU: Mama, pole sana, wewe na kijana wako. Uliyoambiwa katika ofisi ya kumbukumbu ni nusu ya ukweli. Jalada na karatasi zake ni vya hospitali, na ni kweli pia kwamba maandishi ya daktari hayafutwi yakapotea kabisa. Lakini habari zilizomo ni za mwanao, na sheria za Kenya zinampa haki juu ya habari hizo hata kama hakulinunua jalada. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha ambazo zinamwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inairudia haki hiyo katika kifungu cha 26, na kifungu cha 40 kinamruhusu mhusika kumwomba anayehifadhi data yake airekebishe bila kuchelewa pale ambapo si sahihi, imepitwa na wakati, haijakamilika au inapotosha. Utaona kwamba sheria haikuishia kwenye uongo mtupu. Sentensi inaweza kuwa na ukweli ndani yake na bado ikampotosha anayeisoma, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hali ya sentensi iliyokutetemesha.

Kabla ya kuandika chochote, itenganishe sentensi hiyo vipande vyake, kwa kuwa imebeba mambo matatu ya aina tofauti, na kila moja linajibiwa kwa njia yake. Kwamba huomba mofini kwa jina ni tukio, na huenda ni kweli. Kijana aliyelelewa na selimundu kwa miaka 19 anaijua dawa inayomtuliza na kipimo chake kama mgonjwa wa pumu anavyoijua pampu yake, na aghalabu ni kliniki yenyewe iliyomfundisha ataje dawa hiyo afikapo mahali ambapo hajulikani. Basi hapa usikanushe. Ongeza kilichoachwa, yaani kwamba dawa hiyo aliandikiwa na daktari fulani, kwa maumivu ya aina fulani, na kwamba kuitaja ni kufuata maagizo na si kuyavunja.

Kwamba hafuati maagizo ya kliniki ni dai linaloweza kupimwa. Toa kadi yake ya kliniki, hesabu tarehe alizopangiwa na alizohudhuria, kusanya risiti za dawa zake za selimundu, yaani haidroksiurea na foliki asidi, na kama kuna miezi aliyokosa, eleza sababu yake bila kuona haya: dawa haikuwepo katika duka la hospitali, nauli haikupatikana, au alikuwa amelazwa kwingine. Mimi nimeona mafaili mengi ambamo mtu ameitwa mkaidi ilhali kosa lake lilikuwa kukosa pesa, na aliyeandika hakumuuliza hata swali moja.

Linabaki la tatu, kwamba huja kutafuta dawa, na hili si tukio wala si dai la kupimwa kwa risiti. Ni hukumu juu ya nia ya mtu. Hapa ndipo wengi hushindwa. Huandika "si kweli, naomba ifutwe", hospitali hujibu kwamba hayo ni maoni ya kitaalamu ya daktari aliyekuwa zamu, na shauri linafungwa. Hospitali ikijibu hivyo haitakuwa imekosea sana, kwa sababu ikiwa daktari aliamini hivyo usiku ule, faili linaposema kwamba aliamini hivyo linasema kweli. Kinachopaswa kuhojiwa ni msingi wa maoni hayo. Je, daktari alimpima kiwango cha maumivu? Alisoma maelezo ya kliniki ya selimundu kabla ya kuandika? Alieleza alichokiona kwa macho, au aliandika tu alichokihisi? Maoni yasiyo na msingi ulioandikwa, yaliyowekwa katika barua ya rufaa kana kwamba ni utambuzi wa ugonjwa, yanapotosha, na hilo ndilo la kusema katika ombi lako.

Kisha yajibu maoni hayo kwa maoni yenye uzito zaidi. Mwombe daktari wa kliniki ambaye amemtibu mwanao kwa muda mrefu aandike barua fupi inayoeleza aina ya selimundu aliyo nayo, namna maumivu yake yanavyokuja, kiwango chake cha damu cha kawaida, dawa ya maumivu ya kuanzia na kipimo chake kwa uzito wake, na kauli ya wazi kwamba kuomba dawa hiyo wakati wa maumivu makali kunaendana na mpango wake wa matibabu. Omba barua hiyo ikae mbele kabisa ya faili na iambatishwe kwenye ile ya rufaa, na mwanao atembee na nakala yake mfukoni. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kufutiwa ile sentensi na kupata barua hii, ningechagua barua, kwa sababu sentensi ikifutwa daktari wa zamu atabaki hajui lolote juu ya kijana aliye mbele yake, na asiyejua huenda akarudia kuandika yaleyale.

Usikubali kuambiwa kwamba unahangaikia maneno tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti juu ya jambo hilihili, na kwa bahati mgonjwa waliyemtumia kama mfano, ambaye alikuwa wa kubuni, alikuwa na selimundu na alikuwa amefika hospitali akiwa na maumivu makali. Wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, jumla yao 413, walipewa maelezo yake wayasome. Habari za kitabibu zilikuwa zilezile, ila baadhi yao walipata maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida na wengine walipata yaliyoandikwa kwa lugha ya kumshuku. Waliosoma maelezo ya kumshuku walimwona mgonjwa vibaya zaidi, na walielekea kumpa matibabu hafifu zaidi ya maumivu. Siwezi kusema kwamba ile sentensi ndiyo iliyomweka mwanao kwenye benchi, na wewe pia usiliseme hilo katika ombi lako kabla ya kuyaona maandishi ya usiku huo, lakini wasiwasi wako una mashiko.

Hivyo basi hatua ya kwanza ni kuliona faili zima, si barua ya rufaa peke yake. Mwanao ametimiza miaka 18, kwa hiyo ombi ni lake. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinamruhusu mzazi kutumia haki za mtoto mdogo, na kwa mtu mzima kinamruhusu yule aliyeidhinishwa naye. Aandike na kutia sahihi karatasi inayokuidhinisha, au bora zaidi aende mwenyewe nawe ukiwa pembeni, maana karibuni ataanza kujisemea katika kliniki ya watu wazima, na ni vizuri azoee. Kanuni za Jumla za Ulinzi wa Data za mwaka 2021 zinaipa taasisi siku 7 kutekeleza ombi la kuona data, bila malipo. Ofisi ikikutajia bei, uliza kwa upole kama inazungumzia nakala ya kumbukumbu au ripoti ya daktari, kwa sababu ripoti ni andiko jipya ambalo daktari hulitunga kwa ajili ya bima au mahakama, na hiyo ndiyo ambayo hospitali nyingi huitoza ada. Katika ombi, taja unachotaka: maandishi ya madaktari na ya wauguzi kwa tarehe zile mbili za usiku, karatasi za dawa zinazoonyesha saa aliyopewa kila dawa, vipimo vya maumivu kama vilichukuliwa, barua zote za rufaa, na orodha ya waliopelekewa habari hizo.

Jiandae pia kukuta usiyoyatarajia. Pengine kuna siku ambayo kijana alisema jambo kwa hasira, au alirudi kuomba vidonge kabla vya kwanza havijaisha, na wewe hukuambiwa. Kaeni muyasome pamoja nyumbani kwanza, umuulize taratibu, na yaliyo kweli myaache yalivyo. Ombi linalokiri lililo kweli na kukanusha lisilo kweli husomwa kwa heshima kuliko lile linalokanusha kila kitu.

Baada ya hapo, na kabla ya ombi rasmi, nakushauri mwende kumwona daktari aliyeandika kama bado yupo, au kiongozi wa kliniki, mkiwa na kadi na risiti mkononi. Wengi wao, wakionyeshwa kwa utulivu, huongeza maelezo siku hiyohiyo. Akikataa, au kama amehamishwa, andikeni kwa msimamizi mkuu wa hospitali, na nakala kwa afisa wa kumbukumbu za afya. Kanuni za 2021 zina fomu ya ombi la kurekebisha, ila mkiambatisha barua yenu wenyewe ni bora zaidi. Mnaweza kuiandika kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mfano wa maneno yake ni huu:

"Katika barua ya rufaa ya tarehe fulani, ukurasa wa pili, imeandikwa kwamba mimi huja hospitali kutafuta dawa na kwamba sifuati maagizo. Kauli ya pili si sahihi: kadi yangu, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inaonyesha tarehe nilizohudhuria, na miezi niliyokosa nimeieleza hapa chini. Kauli ya kwanza inapotosha, kwa sababu haikutaja kwamba nina selimundu inayotibiwa kwa mofini wakati wa maumivu makali kwa maagizo ya kliniki, kama barua ya daktari wangu inavyoeleza. Naomba kauli hizo zirekebishwe, barua hii na ya daktari ziwekwe pamoja na ukurasa huo, na kliniki iliyopelekewa rufaa iarifiwe kwa maandishi."

Isizidi ukurasa mmoja. Machungu ya benchini yana mahali pake, nitayataja hivi punde, lakini yakiingizwa humu yatamfanya msomaji ajibu malalamiko na kuliacha ombi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Hospitali ina siku 14 za kurekebisha ikiridhika kwamba inafaa. Ikikataa, inapaswa kukuarifu kwa maandishi ndani ya siku 7 na kutoa sababu.

Sasa nieleze marekebisho yanavyoonekana, kwa sababu wengi huvunjika moyo wakiona maneno ya zamani bado yapo. Katika faili la karatasi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya chini yasomeke, kisha huandikwa lililo sahihi, tarehe na sahihi ya anayerekebisha. Katika mfumo wa kompyuta huongezwa maelezo yanayoambatana na yale ya awali, na mfumo huhifadhi yote mawili. Wino mweupe hautumiki, na ukurasa haung'olewi. Hilo linakulinda wewe kuliko linavyomlinda daktari: kama siku moja mtauliza kwa nini mwanao hakupewa dawa usiku ule, ushahidi kwamba daktari wa zamu alisoma sentensi ile utakuwa bado upo. Sheria nayo imelifikiria jambo hilo, kwani kifungu cha 40 kinasema kwamba data inayohitajika kama ushahidi isifutwe wala kurekebishwa, bali matumizi yake yawekewe mipaka na mhusika aarifiwe. Kwa sababu hiyohiyo, nakuomba usifanye kama wanavyofanya wengine wanaokaa na kitabu cha hospitali nyumbani na kuchana ukurasa usiowapendeza. Pengo lile humfanya msomaji afikirie mabaya kuliko yaliyokuwa yameandikwa.

Jambo moja linalosahaulika mara nyingi ni nakala zilizokwisha kusafiri. Kifungu cha 40 kinamtaka aliyewapa wengine data achukue hatua zinazofaa kuwaarifu kuhusu ombi la marekebisho. Ndiyo maana niliweka sentensi ya mwisho katika ule mfano. Faili la Kilifi likirekebishwa na barua ya rufaa ikabaki ilivyo katika kliniki mpya, mwanao hatafaidika na chochote.

Wakikataa, au wakinyamaza, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kifungu cha 56 kinaruhusu lalamiko kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na likitolewa kwa mdomo ni wajibu wa ofisi kuliandika. Uchunguzi wake unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Suala la kulazwa kwenye benchi bila dawa na la lugha ya yule muuguzi ni jingine. Hilo ni lalamiko kuhusu huduma, ambalo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kulitoa na kuchunguziwa, kwanza hospitalini penyewe. Likihusu mwenendo wa daktari, liko Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na la muuguzi lina Baraza la Wauguzi. Ukiyachanganya mashauri haya mawili katika barua moja, kila ofisi itakuelekeza kwa mwenzake.

Na ikiwa maumivu yatamshika kabla mambo haya hayajakamilika, usibishane juu ya faili mapokezini usiku. Toa barua ya daktari wa kliniki, omba kiwango cha maumivu kipimwe na kiandikwe pamoja na saa, na umwambie anayewahudumia kwamba unaomba barua hiyo isomwe kabla ya uamuzi kufanywa.

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Nilijifungua mwaka jana katika hospitali ya wilaya. Mtoto alichelewa kulia na akawekwa kwenye oksijeni, namshukuru Mungu sasa ni mzima. Katika karatasi ya kuruhusiwa wameandika kwamba mama hakutoa ushirikiano na alikataa kusukuma. Sikukataa. Niliambiwa nisisukume kwanza, kisha muuguzi akaondoka na nikabaki peke yangu kwa muda mrefu. Sasa nina ujauzito mwingine na nitajifungulia palepale kwa sababu hakuna kwingine karibu. Naogopa kuonekana mgomvi. – Dada wa Mwanza.

JIBU: Dada, kauli kwamba mama hakutoa ushirikiano imezoeleka mno katika wodi zetu za uzazi, na mimi naiona kuwa ni kauli mbovu kwa faili la hospitali, kwa sababu haimwambii anayesoma nini kilitokea. Mama aliambiwa nini, saa ngapi, na nani, naye alifanya nini? Ukiomba maswali hayo yajibiwe hujawa mgomvi. Unaomba kumbukumbu iwe kumbukumbu.

Katika chumba cha kujifungulia kuna karatasi iitwayo patografu, ambayo mhudumu huijaza wakati uchungu ukiendelea: mapigo ya moyo wa mtoto, kufunguka kwa njia, nguvu za uchungu, kila kimoja kwa saa yake. Omba nakala ya patografu hiyo pamoja na maandishi ya wauguzi, halafu uilinganishe na karatasi ya kuruhusiwa. Ikiwa patografu ina mapengo kwa saa zilezile unazosema uliachwa peke yako, hilo linasema zaidi kuliko maelezo yako yangeweza kusema. Angalia pia ile kauli juu yako iliandikwa lini. Maelezo yanaweza kuandikwa baadaye bila kosa lolote, mradi yaonyeshe kwamba yameandikwa baadaye na saa ya kuandikwa. Yakiandikwa baada ya mtoto kupata shida na kuwekwa kana kwamba yaliandikwa kabla, una sababu nzuri ya kuuliza. Uliza tu, usishutumu. Wahudumu wanaofanya kazi wachache usiku kucha huandika mengi asubuhi wakiwa wamechoka, na si kila kosa la saa ni njama.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa namna ya pekee. Ombi lako lianzie kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali. Lisipojibiwa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ina uwezo wa kuamuru taarifa zisizo sahihi zirekebishwe. Mahali pa kauli ile, pendekeza maelezo ya matukio, kwa mfano: "Mama aliambiwa asisukume saa fulani, aliruhusiwa kusukuma saa fulani, mtoto alizaliwa saa fulani." Maelezo ya namna hiyo hayamlaumu yeyote, na ndiyo maana ni rahisi kwa hospitali kuyakubali. Wakishikilia kwamba ulikataa, andika maelezo yako mwenyewe, yawe mafupi na yenye tarehe, kisha uombe yaunganishwe kwenye faili.

Kuhusu ujauzito huu wa sasa, usisubiri ombi likamilike. Unapohudhuria kliniki ya wajawazito, mweleze muuguzi kwamba mtoto wa kwanza alichelewa kulia na akahitaji oksijeni, kwa sababu hilo ni jambo la kitabibu linaloweza kubadilisha mpango wa mahali na namna ya kujifungua, na lisipoandikwa kwenye kadi yako kwa kuogopa yale maneno mengine, hasara ni yako na ya mtoto. Mwombe pia mkunga akueleze mapema ni lini utaambiwa usisukume na kwa nini. Ukitaka kulalamika juu ya kuachwa peke yako, hiyo ni njia tofauti, ambayo inaweza kukufikisha kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Una uhuru wa kuifuata au kuiacha bila kuathiri ombi la kurekebisha kumbukumbu.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni Mswahili ninayeishi Leicester, Uingereza. Nikifungua rekodi zangu za daktari wa familia kwenye simu naona nina kisukari na kwamba niliwahi kutibiwa ulevi. Sina kisukari na sijawahi kunywa pombe. Nadhani nimechanganywa na mtu mwingine. Majina yetu matatu yanafanana na wengi wetu tuliokuja kama wakimbizi tuliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Nimewaambia mapokezi mara mbili. – Msomaji, Leicester.

JIBU: Ndugu, shauri lako ni jepesi kisheria na la haraka kitabibu. Hakuna maoni ya kujadiliwa hapa. Ni habari za mtu mwingine ndani ya faili lako, na daktari wa dharura anaweza kukupa, au kukunyima, dawa kwa kuziamini. Acha kuwaambia mapokezi kwa mdomo. Mwandikie meneja wa zahanati leo, utaje namba yako ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, ambayo ndiyo inayokutofautisha na mwenye jina lako, na uorodheshe kila ingizo lisilo lako kwa tarehe yake. Kifungu cha 16 cha sheria ya Uingereza ya ulinzi wa data, inayojulikana kama UK GDPR, kinakupa haki ya kurekebishiwa, na wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja, ingawa kwa jambo la usalama kama hili omba lishughulikiwe mara moja. Wasipofanya hivyo, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Habari, yaani ICO.

Usipige picha kurasa zinazohusu matibabu ya huyo mwingine wala kumwonyesha mtu, kwa kuwa nazo ni siri zake, na zahanati italazimika kuchunguza namna zilivyofika kwako. Waulize kama habari hizo zilishatumwa hospitali yoyote kwa rufaa, na kama zimeingia katika ule muhtasari wa dawa na mizio ambao hospitali huusoma mtu afikapo kwa dharura. Waombe pia wahakikishe kwamba majibu ya vipimo vyako, chanjo zako na mizio yako havijaingia katika faili la mwenzako, maana makosa ya namna hii mara nyingi huenda pande zote mbili, na yeye huenda hajui lolote.